Mbiti, Zamani na Moto wa Rika la Kwanza

Katika African Religions and Philosophy, kitabu cha John Mbiti kilichotoka mwaka 1969, ipo sehemu fupi inayowahusu majirani zetu. Kufikia hapo Mbiti ameshatumia kurasa nyingi kueleza kwamba Mwafrika wa jadi hakuwa na fikra ya mwisho wa dunia. Wakati kwake hauendi mbele. Unarudi nyuma, kutoka kwenye kile anachokiita Sasa hadi kwenye kile anachokiita Zamani, na huko nyuma ndiko kila kitu kinakozama. Kisha, kwa uaminifu wa msomi, anataja jamii moja isiyokaa vizuri ndani ya maelezo hayo: Wasonjo wa Tanzania, wanaosema kwamba dunia itafika mwisho. Halafu anaifunga habari yao upesi. Wasonjo wanaishi jirani na Oldoinyo Lengai, mlima unaotema moto. Huenda mlipuko wa siku nyingi ndio uliogeuka kuwa hadithi ya mwisho wa dunia.

Mimi ni mtu wa Enguserosambu, tarafa ya Loliondo, karibu na mpaka wa Kenya. Hao Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Batemi, wako jirani yetu upande wa Samunge, Digodigo na Sale. Sehemu hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko nyingine yoyote ya kitabu, na kila mara nakwama palepale. Sisi Wamaasai nasi tunaishi na mlima huohuo. Jina lake ni la lugha yetu, Mlima wa Mungu. Ulilipuka mwaka 1966, miaka 3 tu kabla ya kitabu kutoka, ukalipuka tena mwaka 2007, na majivu yake hayaulizi kabila. Kama mlipuko unatosha kumfundisha mtu kufikiri mwisho wa dunia, kwa nini uliwafundisha Batemi ukatuacha sisi? Mbiti hana jibu kwa kuwa hakujiuliza. Alikuwa na jamii moja inayoharibu hesabu yake, na mlima ulikuwa karibu.

Angeweza kutazama mashamba yao badala ya mlima. Robert Gray, aliyeandika juu ya Batemi mwaka 1963, aliwaeleza kama jamii iliyojengwa juu ya mifereji ya umwagiliaji, ambako wazee husimamia zamu za maji. Watu wanaopangiana nani atapata maji lini, na nani atamfuata, hawahitaji volkano ili wajue kwamba kuna kesho. Nao wana Khambageu, mtu wa miujiza anayesubiriwa arudi. Hiyo ni fikra kamili, yenye mhusika na ahadi, na kuiita kumbukumbu ya majivu ni kuwanyima Batemi haki ya kuwa wamefikiri.

Lakini upande huo wa kitabu umeshapigwa sana. Kwame Gyekye wa Ghana alionyesha kwamba Waakan wanaufikiri wakati ujao wa mbali bila shida. Okot p'Bitek alikuwa na ugomvi mwingine: kwamba Mbiti na wenzake waliivalisha miungu ya Kiafrika nguo za Wagiriki. Wengine wameuliza inawezekanaje nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu ziwe ushahidi juu ya akili za bara zima. Karibu wote wamemkamata Mbiti kwenye wakati ujao. Wakati uliopita wamemwachia, kana kwamba huko yuko salama: Mwafrika hana mbele, sawa tunabisha, ila nyuma anayo, ndefu, isiyo na kikomo. Mimi nina ugomvi naye huko nyuma.

Mbiti anasema mambo mawili juu ya Zamani. La kwanza, ni kipindi ambacho hakuna kinachoweza kukivuka. Ndilo ghala la mwisho la matukio yote. La pili, hadithi za kuumbwa kwa dunia zimo humohumo. Sasa, ghala lenye kuumbwa kwa dunia ndani yake lina ukuta wa nyuma, kwa sababu kuumbwa ni mwanzo. Ghala linalomeza kila kitu bila kujaa halina ukuta. Mbiti anavitaka vyote viwili. Kama kasisi wa Kianglikana, mzaliwa wa Kitui aliyefundisha Makerere, alihitaji Mungu aliyeumba. Kama mtetezi wa fikra za Kiafrika, alihitaji kina kisichopimika. Swali lililo katikati, kwamba je, wakati uliopita una mwanzo au hauna, analipita kama mtu anayepita karibu na boma la mdai wake.

Na lugha aliyoiazima ingemsaidia. Zamani na sasa ni maneno ya Kiswahili. Ndani ya sentensi ya Kiingereza, yakiwa na herufi kubwa, yanaonekana mazito. Kwetu mtu husema, "Zamani nilikuwa nauza mbuzi Wasso," akimaanisha miaka minne iliyopita. Zamani imetoka kwenye Kiarabu, ambako ni neno la wakati tu, na Kiswahili kilipoichukua hakikuichukua peke yake. Kilichukua pia azali, yaani hali ya kutokuwa na mwanzo, na abadi, hali ya kutokuwa na mwisho. Jozi hiyo si pambo la washairi. Mtoto wa madrasa anayefundishwa sifa ishirini za Mungu anakutana nayo mapema: Mungu hana mwanzo, Mungu hana mwisho, na hizo ni sifa mbili, si moja. Kitu kinaweza kuwa na mwanzo kisiwe na mwisho. Je, kinaweza kuwa na mwisho bila kuwa na mwanzo? Wakati uliopita, kama ni wa azali, uko hivyo hasa: umeishia leo na haujaanza popote. Mbiti alipita katikati ya msamiati uliotengenezwa kwa swali hili, akachukua neno la muuza mbuzi.

Mabishano yenyewe ni ya miaka mingi. Yohana Philoponus wa Alexandria aliyaandika katika karne ya 6, akiwapinga Wagiriki waliosema dunia haina mwanzo. Kwa Waislamu aliyeyapa makali ni al-Ghazali, katika kitabu chake cha mwaka 1095 dhidi ya wanafalsafa, hasa Ibn Sina. Hoja kuu ni rahisi. Kama siku zilizopita hazina idadi, basi ili leo ifike ilibidi siku zisizo na idadi ziishe kwanza. Kisicho na idadi hakiishi. Leo imefika. Kwa hiyo siku zilizopita zina idadi, na ulikuwapo mwanzo.

Al-Ghazali alitumia pia sayari. Moja inazunguka kila baada ya miaka 12, nyingine kila baada ya miaka 30. Kama hakukuwa na mwanzo, mizunguko ya zote mbili haina idadi, ingawa moja imezunguka zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Na akauliza: mizunguko hiyo jumla yake ni shufwa au witiri?

Kwetu hatuhitaji sayari. Tuna marika. Rika jipya la morani hupatikana kila baada ya miaka 15 hivi, na majina ya karibuni mtoto yeyote atakutajia, hata kama hutofautiana kidogo sehemu hadi sehemu: Terito, Nyangusi, Seuri, Makaa, Landisi, Korianga. Rika halijianzishi. Wazee wa rika lililo hatua mbili juu yake ndio wanaolipekechea moto kwa vijiti, na tangu hapo ndio walezi wake. Uhusiano huo unaitwa olpiron. Nyangusi waliwapekechea Makaa, na Makaa wakawapekechea Korianga. Seuri waliwapekechea Landisi. Mikondo ni miwili, inakwenda sambamba na haichanganyiki, na kati ya rika na rika linalofuata huwa kuna ushindani ambao mtu wa nje huudhani ni ugomvi.

Chukua sasa swali la al-Ghazali ulilete kwenye moto huu. Kila rika lililopata kuwapo lilipekechewa moto na lililotangulia. Basi ama palikuwa na rika la kwanza, lisilo na wa kulipekechea, na hapo kanuni yetu imevunjika mwanzoni kabisa. Ama hapakuwa na rika la kwanza, na kila moto una moto nyuma yake bila kikomo. Shufwa na witiri nayo inakuwa swali la watu halisi. Ni mkondo upi ulioanza? Wa Makaa au wa Landisi? Kama hapakuwa na rika la kwanza, hakuna jibu, na si kwamba limesahaulika. Halipo. Nawajua wazee ambao kutokuwapo kwa jibu hilo kungewaudhi kuliko jibu lolote.

Je, hoja ya al-Ghazali inasimama? Nadhani haisimami yote. Thomas Aquinas, ambaye aliamini kwa imani yake kwamba dunia ina mwanzo, alikataa kusema kwamba akili inaweza kulithibitisha hilo. Jibu lake juu ya kuvuka ni hili: safari ina ncha mbili. Chagua siku yoyote iliyopita, hata iwe ya mbali kiasi gani. Kutoka siku hiyo hadi leo ni siku zenye idadi, na zinavukika. Anayesema "siku zisizo na idadi hazivukiki" anamfikiria msafiri aliyeanza safari mahali fulani mbali kupita hesabu. Lakini kama hakuna mwanzo, hakuna mahali hapo, wala hakuna msafiri aliyeondoka huko. Habari ya wingi nayo ilipata jibu mwishoni mwa karne ya 19, Georg Cantor alipoonyesha kwamba mikusanyiko isiyo na kikomo ina hesabu yake. Miaka ni mara 15 ya marika katika kipande chochote unachoweza kukikata, na bado kwa jumla isiyo na kikomo kila rika linaweza kupewa mwaka wake na kila mwaka rika lake, bila kubaki hata mmoja. Inashangaza. Kushangaza si sawa na kujipinga. William Lane Craig, aliyeifufua hoja ya al-Ghazali katika kitabu cha mwaka 1979, anajibu kwamba hesabu ya aina hiyo inakaa kwenye karatasi na haiwezi kukaa duniani. Sijaona akitoa sababu inayozidi mshangao wake.

Aquinas alikuwa na mfano wa fundi mwenye nyundo: ikivunjika hii anachukua nyingine, na hakuna ubaya nyundo zikiwa hazina idadi, kwa sababu hii ya leo haipati nguvu kutoka kwenye zile zilizovunjika. Moto wa olpiron una upande wa namna hiyo. Waliowasha wanaweza kufa wote, na rika likaendelea kuwapo. Ila una upande mwingine. Kinachopitishwa pale ni ruhusa, na moto ni alama yake. Nami nikiambiwa kwamba kila mwenye ruhusa aliipata kwa mwingine, bila mwisho, nabaki kama mtu anayeulizia ng'ombe katika boma la watu walioazimana. Huyu kaazima kwa yule, yule kwa mwenzake, wote wanasema kweli, na bado hujaambiwa ng'ombe ni wa nani. Orodha kuwa ndefu hakusaidii, na orodha kutokuwa na mwanzo hakusaidii zaidi. Hili Ibn Sina alilijua vizuri. Alisema dunia haina mwanzo, na papo hapo akasema inamtegemea Mungu kila nukta. Kwake kutokuwa na mwanzo hakukuwa njia ya kumkwepa Mungu. Wanaobishana leo kana kwamba azali ni hoja ya wasioamini, na mwanzo ni hoja ya waumini, wangefaa wamsome.

Nilimuuliza mzee mmoja wa rika la Makaa. "Baba, rika la kwanza lilipekechewa moto na nani?"

Alikaa kidogo. "Moto ulikuwapo. Waliokuwa hawapo ni vijana."

Mtu anaweza kusema mzee amekwepa swali. Mimi naona amelijibu kwa namna inayopatikana pia katika masimulizi yetu yaliyoandikwa mapema zaidi. Mwaka 1905 Alfred Hollis, afisa wa Kiingereza, alichapisha kitabu cha lugha na ngano za Wamaasai, na ndani yake imo hadithi ya mwanzo wa dunia. Mungu alipokuja kuitengeneza dunia alikuta vitu vitatu: Mdorobo, tembo na nyoka, wakiishi pamoja. Yaani Mungu anafika mwanzoni, na mwanzoni tayari kuna watu. Mdorobo hata anapata ng'ombe kabla yetu. Baadaye, baada ya vifo na maudhi mengi, ng'ombe wanashushwa kutoka mbinguni kwa Mmaasai, Mdorobo anashtuka na kupiga kelele, na ng'ombe hawashuki tena.

Ukiisoma hadithi hii ukitafuta mwanzo wa kuwapo, utasema imeharibika. Inaanza katikati. Lakini inasimulia mwanzo wa mpango: lini ng'ombe walikuja kuwa wetu, lini kifo kilikaa kilivyokaa. Kuhusu kama kulikuwa na kitu kabla ya mpango inasema kilikuwapo, na haijishughulishi kukipimia umri. Huku ni kujua unachokisimulia. Naiona fikra hiyo kuwa safi kuliko Zamani ya Mbiti, kwa sababu haijidai kuwa na kina kisicho na mwisho, wala haijifanyi imefika chini. Katika Kimaa msimuliaji husema apa, hapo kale, na kuendelea na habari yake. Neno hilo halibebi azali.

Mbiti mwenyewe ana maelezo mazuri, pengine mazuri kuliko yote kitabuni, juu ya marehemu wanaoendelea kuwa karibu maadamu yupo mtu anayewakumbuka kwa majina. Vizazi vinne au vitano vikipita, huzama kwenye Zamani. Lakini hapo ametuonyesha mahali kumbukumbu inapokatika, akapaita mahali wakati unapokuwa mkubwa. Ni vitu viwili. Kutokukumbuka mwanzo hakuthibitishi kwamba haukuwapo. Hata urefu hauthibitishi. Katika wilaya yetu hii, upande wa Laetoli, kuna nyayo zilizokanyagwa kwenye majivu miaka milioni 3.66 iliyopita. Wanaanga huhesabu miaka bilioni 13.8 tangu Mlipuko Mkuu, na bado wanabishana kama palikuwa na kitu kabla. Namba hizo ni kubwa, zote zina idadi, na haziko karibu na azali kuliko ilivyo jana.

Ningemwachia Mbiti haya yote kama yangekuwa ya darasani tu. Lakini huku kwetu urefu wa wakati uliopita hutumika kama hati. Tangu Juni 2022, vigingi vilipowekwa kuzunguka kilomita za mraba 1,500 za Loliondo, nimesoma barua, matamko na makala za pande zote, na ninazisoma pia kwa jicho la lugha. Upande wetu huanza na "tangu enzi na enzi". Upande wa pili huja na karne: Wamaasai ni wageni wa juzi, wamefika hapa miaka mia mbili na kitu. Wote wawili wamekubaliana, bila kujua, kwamba mwenye mwanzo amepungukiwa.

Hiyo karne ya upande wa pili haikuokotwa hewani. Mwaka 1956 Henry Fosbrooke, ambaye baadaye alikuja kuwa mhifadhi wa Ngorongoro, alichapisha makala iliyoyatumia marika kama kalenda: hesabu majina kurudi nyuma, zidisha kwa miaka, upate tarehe. Kazi ya maana, na wanahistoria bado wanaitegemea. Orodha za namna hiyo hurudi hadi karne ya 18, kisha hunyamaza. Anayesoma ukimya huo kuwa tarehe ya kuwasili amefanya kosa la Mbiti kwa kuligeuza. Mbiti aliona kumbukumbu inakatika akasema nyuma yake ni kina kisicho na mwisho. Huyu anaona kumbukumbu inakatika anasema nyuma yake hakuna mtu.

Waingereza, ambao sheria yao ililetwa Tanganyika kwa amri ya mwaka 1920, waliwahi kukutana na shida hiihii kwao na wakaitatua kama makarani. Waliamua kwamba "zamani isiyokumbukwa" kisheria inaanzia mwaka 1189, Richard wa Kwanza alipotawazwa. Kitu kilichokuwapo kabla ya hapo kilihesabiwa kuwa kilikuwapo siku zote. Hakuna aliyedhani dunia ilianza mwaka huo. Walihitaji pa kusimama, wakachora mstari, na mstari ukafanya kazi bila mtu kuulizwa kama babu zake walikuwapo azali.

Barua zetu zingeweza kujifunza kitu kutoka kwa ile hadithi ya Hollis. Ndani yake tunakiri wenyewe kwamba Mdorobo alitutangulia, na hadithi haiponi wala haifi kwa sababu hiyo. Haki inayodaiwa kwa msitu wa Enguserosambu, kwa visima na njia za mifugo, imejengwa juu ya nani anautunza, nani alikubaliana na nani, nani anamruhusu nani kunywesha na siku gani. Hayo yana mwanzo, mengine yana mashahidi walio hai. Kuyafunika kwa "enzi na enzi" ni kuyaondoa mezani.

Siku moja natumaini kuona tafsiri ya Kiswahili ya kitabu cha Mbiti iliyofanywa na mtu mkaidi. Zile herufi kubwa za Kiingereza hazitamkinga. Kila atakapokuta Zamani itabidi achague: zamani ya muuza mbuzi, kale ya wasimulizi, au azali. Akifika kwenye Wasonjo na mlima wao, itabidi pia aamue kama aweke tanbihi kwamba Batemi wapo, wanasoma Kiswahili, na wanaweza kuulizwa.